Tuta la Veneranda

Wakubwa ukiwaomba tuta la barabarani, watakudai maiti kwanza. Ndivyo Izidori alivyozoea kusema, na pale Kona ya Kinu hakuna aliyembishia, maana maiti yenyewe ilikuwa ya mkewe.

Lami ya kutoka Mbinga kuteremka ziwani ilipofika kijijini kwao watu waliishangilia. Wa kucheza walicheza, wa kuchinja kuku walichinja. Baadaye ndipo walipoijua tabia ya lami. Magari yaliyokuwa yakija kwa kutambaa kwenye matope sasa yaliteremka ile kona kama jiwe lililoponyoka mlimani. Na kona yenyewe imejikunja kama mdomo wa kinu, aliye huku hamwoni wa kule. Wazee wakaenda kuomba tuta. Wakaambiwa jambo lao linafanyiwa kazi. Wakaenda tena, wakaambiwa limo kwenye mpango. Mpango ukakaa huko ulikokaa, mpaka asubuhi ile Veneranda alipokuwa akivuka na karai la mihogo kichwani, lori la mbao likachomoza konani, na mihogo ikatapakaa hadi mlangoni kwa jirani.

Tuta lilikuja kabla ya arobaini yake. Nene, jeusi, lenye mistari myeupe mgongoni. Watu wakaliita Tuta la Veneranda, na makonda wa mabasi nao wakalidaka jina: "Tuta la Veneranda, kuna wa kushuka?" Nyumba ya Izidori iko juu kidogo ya barabara, chini ya kahawa zake. Kila gari lililopita alilisikia likipunguza mwendo, likipanda, likishuka, gudu, kisha gudu. Kwake ilikuwa kama mtu anabisha hodi. Kule makaburini Veneranda alijengewa kwa saruji na msalaba, lakini mumewe hakuwa akienda sana huko. Kwa Izidori kaburi lilikuwa lile tuta.

Sasa walikuja kulitoa.

Habari aliileta Mansuetus, mtendaji wa kijiji, mtu mwenye sauti laini na shati lililopigwa pasi hata siku za kazi ya shamba. Aliita mkutano mbele ya ghala la kahawa.

"Ndugu zangu, Jumamosi tuna ugeni mzito," alisema. "Kipo chama cha watu wenye magari ya kasi. Si madereva wa kazi, la hasha. Mmoja daktari wa meno, mwingine ana duka la vigae, mwingine mwalimu wa chuo. Kila mtu na gari lake alilolipenda mwenyewe. Huko mjini hawana pa kulikimbizia, kila wakikanyaga mafuta trafiki huyo. Basi wameombewa barabara yetu kwa siku moja. Si mashindano, kila mtu anajipima na saa yake. Wataanzia chini ziwani, wapande mlima mmoja mmoja, wamalizie darajani, kabla ya kona yetu. Hapa kwetu mbio hazifiki."

"Kama hazifiki, tuta letu limewakosea nini?" Izidori aliuliza bila kusimama.

"Mzee Izidori, magari yale ni mafupi. Tumbo liko hapa." Mansuetus aliinama, akaweka kiganja karibu na nyasi. "Asubuhi yatapita hapa kuteremka ziwani, taratibu kabisa, lakini juu ya tuta hayapiti. Linakwanguliwa Ijumaa, Jumatatu linarudi."

"Gari lisilopanda tuta si gari, ni mjusi," alisema mzee Bernadi, na watu wakacheka.

Izidori hakucheka. "Miaka yote mlituambia mtambo hakuna. Leo wa kutoa umepatikana kwa siku moja?"

Mansuetus alijikuna shingo. "Mtambo wa kutoa ni mwingine, mzee wangu, na wa kuweka ni mwingine."

Watu walicheka tena, na kicheko ndicho kilichofunga mkutano. Ukitaka kuwashinda watu wa kijijini usiwajibu, wachekeshe. Mansuetus aliijua hiyo.

Alhamisi pikipiki ya matangazo ilipita ikibweka: Jumamosi barabara imefungwa kutwa nzima! Hakuna basi! Hakuna lori! Hakuna bodaboda! Ndipo nyumba zote za pale konani zikaingia furaha ambayo yule mtangazaji hakuielewa. Ni kwamba ardhi ya mteremko ule haiishiwi umande, ukianika makopa chini yanaota ukungu mweusi kabla hayajakauka. Lami ndiyo inayoshika joto. Tangu ije, kina mama humenya mihogo, huiloweka, kisha huianika juu yake, lakini kwa kuiba, ukingoni, wakikimbia kila basi linapopiga honi, na jioni kuokota unga badala ya makopa. Leo wanaambiwa lami yote ni yao kutwa nzima. Hakuna mwanamke aliyesikia tangazo lile akawaza magari. Barabara iliyofungwa ni uwanja.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema Eliza, mdogo wake Veneranda, na jioni hiyohiyo akaenda kutoa mihogo yote aliyokuwa ameiloweka mtoni.

Ijumaa mtambo ulikuja. Izidori alikaa kwenye kizingiti chake akautazama. Haukuchukua muda hata wa kuchemsha maharage. Ulikwangua, ukasukumia vipande mtaroni, ukaondoka. Palibaki kovu jeusi, refu, limelala kukatisha barabara. Izidori alishuka, akaligusa kwa unyayo. Lilikuwa bado na joto.

Alasiri ile ndipo gari jeupe lilipopanda kwake, likikwepa kila jiwe kama mtu anayevuka zizi la ng'ombe amevaa viatu vipya. Akashuka Norbert, mwanawe wa mwisho, fundi wa majokofu huko Dar es Salaam. Gari lilikuwa Altezza ya zamani, imeshushwa chini, ubavuni ina namba kubwa ya karatasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa mama yako, au kwa hawa?"

"Nimekuja kwa yote mawili."

"Kaa."

Norbert alikaa kwenye gunia la mbolea. Baba yake alimmenyea ndizi, kwa sababu hasira ni hasira na mtoto ni mtoto, kisha akauliza bila kumtazama, "Watu wa Dar es Salaam waliionea wapi barabara ya huku porini?"

Kijana aliizungusha ndizi mkononi.

"Nakuuliza wewe."

"Niliwaonyesha picha tu, baba. Kwenye simu. Kona zote zile, na ziwa linaonekana chini. Wakaipenda. Sikujua habari ya kutoa tuta."

"Na ulipojua, ulisema nini?"

"Niliahidiwa Jumatatu linarudi."

"Na nani?"

"Na Othmar. Mwenyekiti wetu."

"Ahaa, mwenyekiti." Izidori alitema makapi ya muwa aliyokuwa akiyatafuna. "Mimi nimeahidiwa na wenyeviti mpaka nimezeeka. Wote wazima wa afya. Mama yako ndiye hayupo."

"Baba, sikiliza. Wiki nzima nalala chali nyuma ya majokofu ya watu. Nakohoa gesi. Siku moja kwa mwezi, ndiyo yangu. Nikiwa ndani ya hili gari, kona inakuja, naiona kona tu. Sifikirii kodi ya nyumba, sifikirii kazi. Hata mama si..."

Akaiweka ndizi chini.

"Malizia."

"Hata mama simuwazi. Nusu saa tu, simuwazi."

Izidori alitazama kahawa zake, zile zenye matunda mekundu ambayo mwaka huo alikuwa akiyachuma peke yake. "Mimi namuwaza kila gari likipita," alisema. "Na leo mmenitolea hata hiyo hodi."

Norbert aliinuka. Alisema atatangulia kulala ziwani, awangoje wenzake huko. Baba hakusema kaa, na mwana hakungoja kuambiwa. Altezza ilishuka polepole, ikavuka lile kovu bila sauti yoyote. Hiyo bila sauti ndiyo iliyomuuma Izidori.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Magari ya wenzake Norbert yalipita yote pamoja kuelekea ziwani, mekundu, ya buluu, ya manjano, mengine yakinguruma kama mtu anayesukutua mdomo, na wenyewe wakipunga mikono. Mwanamke mmoja mwenye miwani alisimama kununua ndizi. Watu wazuri tu, wenye kicheko, si shetani mmoja kati yao. Hilo nalo Izidori aliliona, na lilimkera, kwa sababu kumchukia mtu mwenye kicheko ni kazi.

Gari la mwisho lilipopotea, kina mama wakatoka na makarai. Kabla jua halijashika vizuri, lami ya juu ya kona ilikuwa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Makopa mabichi, yanayoteleza kama sabuni. Eliza alitandika yake palepale dada yake alipoangukia. Alisema akipaogopa mahali pale atakuwa ameliachia lori.

Izidori yeye alipanda mpaka kiwanja cha kanisa la kigango, ambako barabara inapinda tena kuelekea Mbinga. Alisikia mgeni rasmi atapita pale akienda darajani, na alitaka amuulize mbele za watu hiyo Jumatatu ni ya mwezi gani. Alivaa koti lake la kanisani. Kiwanjani alimkuta Mansuetus na mgambo wawili, na mtu mnene mwenye kofia na redio ya mkononi. Huyo ndiye alikuwa Othmar.

Gari la mgeni rasmi lilifika, jeusi, vioo vyeusi. Kioo kikashuka kidogo.

"Huko darajani kuna kivuli?" sauti ikauliza.

"Kuna hema, mheshimiwa," Othmar alijibu.

"Hema si kivuli. Hapa pana miti, na ziwa linaonekana. Kwa nini wasimalizie hapa?"

Othmar alitazama barabara, akamtazama Mansuetus. Mansuetus alitabasamu kama kawaida ya watu wa namna yake wanapoulizwa jambo wasilolijua. "Inawezekana kabisa, mheshimiwa. Barabara yote imefungwa."

Othmar akainua redio. "Jamani, mwisho si darajani tena. Mwisho ni huku juu, kiwanjani. Aliye darajani apande mpaka konani, ahakikishe njia ni safi. Mwenyeji atangulie. Norbert, umenisikia? Wewe wa kwanza."

Izidori alisogea mbele. "Mheshimiwa, huko kwenye kona kuna watu barabarani."

Mansuetus alimshika kiwiko kwa upole. "Mzee wangu, siyo leo. Habari ya tuta ni Jumatatu."

"Sisemi tuta! Nasema watu!"

"Tumekusikia, mzee."

"Watu gani?" Othmar alikunja uso. "Barabara si imefungwa?"

"Ndiyo maana wamo!"

"Mzee huyu alifiwa pale," Mansuetus alimnong'oneza mgeni, lakini kwa sauti ya kusikika. "Ndiyo hali yake. Tunamvumilia." Kioo cheusi kikapanda. Mgambo wakamsogeza Izidori pembeni, hawakumsukuma, walimsogeza tu kama meza.

Jambo la tuta alikuwa amelisema miaka yote, kila mkutano, kila mlango, mpaka neno lake likachakaa. Sasa alikuwa na neno jipya na hakuna aliyetaka kulisikia, kwa kuwa lilitoka kwenye mdomo uleule. Izidori aliyaelewa hayo akiwa tayari anakimbia.

Alikimbia kwa koti na viatu vya kanisani. Kina mama walimwona wakaanza kumcheka.

"Shemeji, unakimbizwa na nani?" Eliza aliita, amepiga magoti katikati ya makopa. "Umeona nini huko juu?"

"Anueni! Magari yanapita hapa!"

"Yanaishia darajani. Mtendaji kasema."

"Wamebadilisha. Mkubwa anataka kivuli."

"Mkubwa gani?"

"Eliza, kwani wana majina? Anueni, nawaambia!"

Kicheko kilikatika. Wanawake waliinuka, makarai yakagongana. Lakini mtu aliyelima mihogo, akaimenya, akailoweka, akaibeba kutoka mtoni, haachi makopa barabarani akakimbia mikono mitupu. Kila mmoja alianza kukusanya ya kwake, haraka haraka, vichwa chini.

"Acha hayo, toka!" Izidori alimvuta Eliza mkono.

"Niache chakula cha mwaka? Watoto watakula hilo koti lako? Nenda kawasimamishe, mimi naanua!"

Basi alikwenda. Alizunguka kona kwa upande wa chini, akapanda kwenye mikaratusi ya jirani, akavunja matawi, akayatupa barabarani moja baada ya jingine, makubwa, yenye majani. Dereva yeyote wa nchi hii, awe na digrii awe hajui kusoma hata kibao cha kwao, akiona matawi njiani anajua mbele kuna jambo: gari limekufa, au kuna msiba. Hakuna anayefundishwa, na hakuna anayeyapita kwa mwendo. Norbert naye angejua. Moyo wa Izidori ukatulia kidogo.

Hapo ndipo alipotokea jamaa wa kamati kutoka darajani, kizibao cha njano, redio mkononi, jasho linamtoka kwa kupanda mlima.

"Mzee! Unachafua njia!"

"Mbele kuna watu. Usiyaguse."

"Nimeambiwa njia iwe safi." Alianza kuyatupa mtaroni. Izidori alilishika tawi upande mmoja, yule akavuta upande wa pili, wakavutana kama watoto, na yule alikuwa na nguvu za chakula kizuri. Tawi la mwisho likaenda mtaroni.

Redio ikakoroma. "Konani vipi? Safi?"

"Safi," akajibu.

"Mpumbavu wewe, piga hatua chache uone huko mbele!"

"Mbele si kwangu, mzee. Mimi nimepewa kutoka daraja mpaka kona. Mbele kuna mwenyewe."

Na mbele hakukuwa na mwenyewe. Ndivyo nchi inavyoendeshwa, Izidori aliwaza, kila mtu na kipande chake, na mtu anafia kwenye maungio.

Kutoka chini kabisa, ziwani, mlio ulianza. Mwembamba, kama nyuki kwenye chupa. Ukapotea nyuma ya kilima, ukarudi mnene zaidi. Yule wa kizibao alirukia ukingoni. "Mzee toka! Anakuja!"

Izidori alitembea mpaka kwenye kovu. Hakuwa amepanga. Miguu ilikwenda palipokuwa na kitu cha kusimamisha magari, ikakuta hakipo, ikasimama yenyewe. Alijua anayekuja ni nani. Aliwaza, akinigonga atabeba uzito huu mpaka aingie kaburini. Kisha akawaza, nikitoka atamgonga Eliza. Akavua koti, akalishika kwa mikono miwili mbele yake, kitambaa cheusi cha Jumapili, akakipeperusha.

Altezza ilichomoza. Nyeupe, chini, karibu kuliko alivyodhani. Aliuona uso wa mwanawe nyuma ya kioo, umetulia kabisa, uso wa mtu asiyewaza chochote. Halafu uso ule ukapasuka.

Matairi yalilia. Mkia wa gari ukatangulia mbele, likazunguka likionyesha ubavu, namba yake ikapita mbele ya macho ya Izidori, harufu ya mpira ulioungua ikamjaa puani. Gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni kwa kishindo. Gari likatulia limekatisha barabara, pua yake juu ya kovu, na bampa likaja kulala miguuni pa mzee taratibu, kama mbwa.

Norbert alitoka akiyumba. Damu ilikuwa mdomoni.

"Baba! Baba, una akili kweli? Ungekufa! Ningekuua mimi!"

"Nenda kaone," Izidori alisema. Mikono yake ilikuwa imeshikilia koti na haikutaka kuliachia.

"Nikaone nini?"

"Nenda."

Norbert alizunguka kona. Wanawake wengine walikuwa wamekimbilia ukingoni waliposikia kishindo. Lakini mama yake mdogo alikuwa bado katikati ya lami nyeupe, amempa mgongo, anakumba makopa kwa mikono yote miwili kuingiza kwenye karai, akisema peke yake, "Bado kidogo, bado kidogo tu." Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kile cha Veneranda, alichopata walipogawana nguo zake baada ya matanga. Norbert alisimama. Akakaa chini barabarani, juu ya makopa.

"Norbert?" Eliza aligeuka. "Mwanangu, umeumia? Mbona unakalia chakula?"

Alilia kama mtu anayetapika.

Wakubwa walifika kwa miguu, mgeni rasmi hakuja, alibaki kivulini. Othmar alilitazama gari, akamtazama Izidori. "Huyu mzee akamatwe. Ameingia njiani, ameharibu shughuli nzima."

"Mzee Izidori," Mansuetus alisema kwa huzuni ya kupikwa, "nilikuwa nakutetea siku zote."

"Kina mama kwa nini walikuwa barabarani?" Othmar akamgeukia mtendaji. "Hukuwaambia?"

"Nilijua mmewaambia nyie."

"Sisi tutawaambiaje? Tumebadilisha sasa hivi!"

"Basi na mimi ningewaambiaje?"

Walitazamana, kila mmoja akamwona mwenzake ameshinda, na kwa kuwa wote wameshinda hakukuwa na mwenye kosa. Likabaki kwa Izidori.

"Jumatatu uje ofisini ujieleze," Mansuetus alimwambia.

"Nitakuja. Labda nitapishana na tuta njiani."

Othmar alipiga makofi. "Haya, livuteni hili gari, lisukumeni pembeni. Wenzetu wako chini wanangoja na mgeni ana safari. Norbert, ufunguo."

Norbert alikuwa amerudi. Alisimama karibu na gari lake, mkono juu ya paa, shati limejaa unga mweupe.

"Matawi hukuyaona?" baba yake alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Matawi gani?"

Izidori alionyesha mtaroni kwa kidevu. Norbert alitazama mikaratusi iliyovunjwa mbichi, akamtazama yule wa kizibao cha njano, ambaye alianza kusoma redio yake kana kwamba ina maandishi. Norbert alilifunga gari. Akatia ufunguo mfukoni.

"Halivutwi," alisema.

"Nini?"

"Litalala hapa. Mpaka tuta lirudi."

"Usilete utoto, Norbert. Wewe ndiye uliyetuleta huku!"

"Ndiyo maana."

"Litakuja gari la kuvuta kutoka Songea, nakuambia. Watalikokota kama mzoga."

"Walikokote wakishaleta kifusi. Ni langu. Nimelala chini yake miaka minne nikiliunga. Kama mlikosa cha kuweka hapa, wekeni hili."

Wanawake walikuwa wamekuja wakasimama na makarai yao. Mzee Bernadi akasema, bila kumwangalia yeyote, "Leo mjusi kawa tuta." Safari hii hakuna aliyecheka, lakini pia hakuna aliyetoka mbele kusukuma gari. Mgambo waliangalia viatu vyao. Kijana mmoja wao mama yake alikuwa na karai.

Shughuli ilikufa hivyo. Mgeni rasmi aliondoka na vioo vyake. Magari ya rangi rangi yalipanda kutoka ziwani moja moja, na pale konani yalibanwa na Altezza, yakalazimika kuweka gurudumu moja kwenye kokoto, matumbo yakikwaruza, wenyewe wakikunja nyuso kwa kila mkwaruzo. Yule mwanamke mwenye miwani alisimama, akauliza kilichotokea, akaambiwa. Aliangalia makopa muda mrefu. "Hatukuambiwa kuna watu," alisema. Eliza akamjibu, "Na sisi hatukuambiwa kuna nyie, mwanangu." Yule mwenye miwani akaondoka polepole kuliko wote.

Jioni Izidori alitoa matawi yake mtaroni. Aliyapanga upya, mengine chini ya kona, mengine juu, nyuma na mbele ya gari, kama inavyopangwa kwa gari lililokufa. Norbert alimsaidia. Walifanya kazi kila mtu na upande wake, mpaka wakakutana kwenye kovu.

"Baba, bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

Izidori alifikiri. "Waulize wenzako hiyo Jumatatu ni lini."

Alikuwa anamaanisha. Alijua mtu wa kuvuta atakuja kabla ya kifusi, na mgambo kabla ya wote wawili. Alijua pia kijana yule angelala ndani ya gari lile usiku ule, na yeye asingelala kabisa, akisikiliza.

Barabara ilifunguliwa. Basi la Mbamba Bay lilitokea juu likiwa limechelewa kutwa nzima, limejaa, linashuka kwa haraka ya kufidia. Izidori alishika mkono wa mwanawe bila kujua ameushika. Dereva aliona matawi. Breki zikaguna, basi likapungua, likapungua tena, likainamisha bega kwenye kokoto na kupita kando ya Altezza kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea. Konda alining'inia mlangoni, akaangalia gari jeupe lililokatisha njia, akaangalia wale wawili.

"Tuta la Veneranda!" aliita, kwa mazoea tu. "Kuna wa kushuka?"

Hakuna aliyeshuka. Izidori alitega sikio, akingoja ile gudu ya kwanza na ya pili, na hazikuja.